Mkono wa Nyambu

Nakumbuka, mwanangu, Jumapili moja pale Wusi, kwetu milimani, ukungu umeshuka mpaka mlangoni mwa kanisa, nami nimeketi upande wa wanawake nisiweze kuinua uso. Siku hiyo jina langu lilisomwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Mchungaji alisema kwamba Mwadime wa Werugha na Wakesho wa Wusi wanakusudia kufunga ndoa takatifu, na mwenye neno la kuzuia na aseme. Hakuna aliyekohoa. Shangazi zangu waliokaa nyuma yangu walinifinya mbavuni kwa furaha, nami nikajikunja ndani ya leso yangu kama konokono.

Tangazo la ndoa husomwa Jumapili tatu. La kwangu lilisomwa moja tu, kisha likanyamaza. Ninachotaka kukupa leo ni habari ya kunyamaza kule, na ya yaliyokuja baadaye. Ninawaona vijana wa siku hizi, mnapendana haraka na kuachana haraka zaidi, na mtu akiwauliza kisa mnasema, siwezi kumsamehe. Siwalaumu. Neno hilo nami nililisema, tena kwa sauti kubwa kuliko yenu. Basi keti, usiangalie saa. Jungu kuu halikosi ukoko.

Miaka hiyo ni ile ya hamsini. Mzungu bado ndiye mwenye nchi, na vijana wetu wa milimani wakishapata madarasa machache walishuka tambarare kutafuta kazi ya reli pale Voi, au kazi ya mkonge. Kaka yangu Nyambu, niliyemfuata kuzaliwa, alikwenda kwenye mkonge, huko huko Voi. Huko alikaa chumba kimoja na kijana wa Werugha, ndiye huyo Mwadime. Nyambu alikuwa mtu wa mzaha, kinywa chake hakikujua kufungwa. Mwadime alikuwa mtu wa maneno machache. Nadhani ndiyo sababu walipatana, mmoja akisema na mwenzake akicheka.

Mimi nilimwona Mwadime kwa mara ya kwanza kwenye sikukuu ya mavuno. Kwaya ya Werugha ilikuja kutuimbia, na kila mwimbaji alileta sadaka ya shambani kwake. Yeye alileta kabeji kubwa kama kichwa cha ndama. Hakuna aliyemwonyesha pa kuiweka, kwa hiyo alisimama mstari wa nyuma akaimba nyimbo zote huku ameikumbatia kabeji yake, macho mbele, hatabasamu. Nilicheka mpaka mama akanikazia jicho. Mwanangu, mapenzi mengine hayaji na tarumbeta. Huja na kabeji.

Mambo yakaenda kama yanavyokwenda. Nyambu akajifanya mshenga ambaye hakutumwa na mtu. Kila akipanda kutoka Voi aliniletea salamu ambazo nina hakika nyingine alizitunga mwenyewe njiani. Wazee wa Werugha wakaja kwetu, wakaleta mtamba mweusi mwenye baka jeupe usoni, na mbuzi, na vingine vya mila. Kwa kuwa baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, pombe ya miwa haikuletwa. Ililetwa sukari na majani ya chai. Nyanya yangu Mkawasi, mama mzazi wa baba, alinung'unika kwamba mahari ya chai ni mahari ya wagonjwa, lakini chai yenyewe aliinywa. Ndipo likasomwa lile tangazo la kwanza.

Jumatano iliyofuata dereva wa lori alipanda mpaka kwetu, akamwita baba nje.

Kule kiwandani palikuwa na mashine ya kukamua majani ya mkonge. Majani yakikwama, mashine ilisimamishwa, mtu mmoja akaingiza mkono kuyatoa, na mwenzake akasimama mahali pa kuiwashia. Sheria ilikuwa kwamba mwenye kuwasha anauliza kama ni tayari, wala hawashi mpaka yule aliyeingiza mkono ajibu kwa kinywa chake. Siku ile aliyeingiza mkono ni Nyambu, na mwenye kuwasha ni Mwadime. Mwadime akauliza, akasikia sauti, akawasha. Sauti haikuwa ya Nyambu. Ilikuwa ya mtu mwingine akimwita mwenzake upande wa pili.

Nyambu alipelekwa hospitali, na daktari akaukata mkono wake wa kulia chini ya kiwiko. Tulimshukuru Mungu kwa uhai wake, kisha tukaulilia mkono. Watu walikuja kutupa pole wakisema ajali haina kinga, na sisi tukaitikia, maana ndivyo watu wanavyoitikia.

Kabla Nyambu hajarudi nyumbani, Mwadime alipanda mlima kwa miguu kutoka Voi. Alifika alasiri, vumbi mpaka magotini. Alikaribishwa kiti, hakuketi. Alisimama mbele ya baba, mama, nyanya na mimi, akasema, "Baba, ni mimi niliyeiwasha mashine. Nilisikia sauti, sikuhakikisha ni ya nani. Watu wanasema ni ajali, lakini kungoja ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na sikungoja. Sikuja kujitetea. Nimekuja ili msiyasikie haya kwa mtu mwingine."

Baba alitazama chini muda mrefu, kisha akasema wamesikia. Mama alijifunika uso. Labda mambo yangeishia hapo siku hiyo, watu wakapewa nafasi ya kupumua. Lakini mimi nilisimama, mwanangu, mtoto wa kike mbele ya wazazi, nikasema, "Mkono wa kaka yangu ukiota tena, ndipo urudi hapa."

Mwadime aliniangalia. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Aliinamisha kichwa, akawaaga wazee, akateremka. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini saa ile mimi sikujiona nimejikwaa. Nilijiona nimesimama wima kuliko watu wote wa Wusi.

Jumapili ya pili majina yetu hayakusomwa. Niliona vichwa vikigeuka.

Nyambu alirudi akiwa mtu mwingine. Siku za mwanzo alilala akiutazama ukuta, na chakula mama alimlisha kama mtoto. Mtu wa mzaha akinyamaza, nyumba nzima huwa na baridi. Polepole alianza kujifunza mkono wa kushoto, kufunga vifungo vya shati, kushika kijiko, kuandika jina lake kwa herufi zilizolala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Lililomshinda ni jembe. Shamba lake la matuta, alilokuwa amelianza kwa ajili ya mke ambaye bado hajampata, likaota magugu.

Mvua zilipokaribia, Mwadime aliacha kazi ya mkonge akarudi kwao. Kisha Jumamosi moja tukamwona ameingia katika shamba la Nyambu na jembe lake, analima. Hakupitia nyumbani wala hakuomba ruhusa. Alilima mpaka jua likapinda, akaenda zake Werugha, na wewe unajua njia ile ilivyo, ni kushuka bonde na kupanda mlima. Jumamosi iliyofuata akaja tena. Nyambu alifunga mlango, akabaki ndani. Jumamosi nyingine mlango ulikuwa wazi. Baadaye Nyambu alikuwa ameketi juu ya jiwe ukingoni mwa shamba, kimya. Kisha nikaanza kusikia sauti zao, na siku moja nikiwa jikoni nikasikia kaka yangu anacheka.

Kicheko kile kilinichoma. Ungetarajia nifurahi, maana hatukuwa tumekisikia tangu ajali. Badala yake nilihisi kama kaka yangu amenisaliti. Nilikuwa nimeacha harusi kwa ajili yake, nimeinua uso mbele ya kanisa zima kwa ajili yake, na sasa yeye anacheka na yule yule. Nilimwuliza siku hiyo kama hana haya. Akanijibu kwa mzaha wake wa zamani kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, lakini yeye bado ana vitano, kwa hiyo chawa wajihadhari. Nikaondoka nimefura.

Na mtamba wa mahari alikuwa bado kwetu. Alikuwa akingoja wazee wakutane ili arudishwe kwa heshima. Kila asubuhi nilimkatia majani ya kula na kumfagilia zizi. Mwenye ng'ombe nilimnyima salamu, na ng'ombe wake nilimlisha. Sikuona kichekesho chake wakati ule.

Basi ikasemekana kwamba Mwadime amepata kazi Taveta, kwa tajiri mmoja Mwislamu, mtu wa haki, aliyekuwa akipeleka ndizi na vitunguu hadi Moshi. Angeondoka baada ya palizi. Na wazee wa pande zote mbili walikubaliana kwamba kabla hajaondoka mahari yarudishwe, jambo lifungwe. Likishafungwa namna hiyo, mwanangu, ni vigumu kulifungua. Njia kati ya nyumba mbili huota majani.

Jumamosi moja katika siku hizo jua lilikuwa kali, jambo lisilo la kawaida kwetu. Mwadime alitoka shambani, akaja mpaka mlangoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akabisha, akaomba maji ya kunywa. Mtungi ulikuwa nyuma yangu, umejaa, umelowa nje kwa ubaridi. Nikamwambia maji yamekwisha. Akautazama mtungi, akanitazama mimi, akasema, "Ahsante." Akarudi kulima.

Sikujua kwamba Nyanya Mkawasi alikuwa ameketi kando ya ghala, akichambua maharagwe.

Nikueleze kidogo habari za huyu nyanya. Alibatizwa akiwa mzee, akapewa jina la Raheli, na hakuna aliyethubutu kumwita hivyo. Kila alfajiri alitoka nje na kibuyu cha maji, akapiga funda, akayapuliza maji hayo kuelekea vilima, akitaja lolote lililomkera moyoni ili liondoke. Watu wetu huliita jambo hilo kutasa. Wazee wa zamani waliamini kwamba hasira iliyofichwa ndani ya mtu huwadhuru jamaa zake hata bila yeye kutaka, kwa hiyo huitoa kwa kinywa. Akishamaliza, Nyanya alijifuta midomo, akapiga magoti, akasali Sala ya Bwana. Kanisa lilituma watu wamwonye. Aliwaambia hawezi kusema na Mungu kabla hajasukutua kinywa. Wakaondoka, hawakurudi.

Aliniita. Nikachuchumaa mbele ya ungo wake.

"Wakesho," akasema, "mkono uliokatwa ni wa nani?"

Nikasema ni wa Nyambu.

"Nyambu amemsamehe yule kijana?"

Nikasema yeye anasema amemsamehe.

"Basi mwenye msiba ameanua matanga, ameoga, amekwenda shambani. Wewe bado umekaa mkekani. Unamlilia nani?"

Nilijibu kwamba nampenda kaka yangu. Aliendelea kuchambua maharagwe kana kwamba hajasikia, akitupa mabovu pembeni. Kisha akasema kwamba kumpenda ndugu ni kumsaidia mzigo wake, na mimi sikumsaidia. Nilimnyang'anya jeraha lake nikalivaa shingoni kama shanga, ili kila apitaye aone nimekosewa. Alisema ameniona ninavyotembea. Alisema mtu mwenye uchungu wa kweli hana muda wa kutembea hivyo.

Nilianza kulia. Hakunibembeleza.

"Kesho utasimama kanisani," akasema, "utamwomba Mungu akusamehe vile vile unavyosamehe wewe. Mjukuu wangu, usimwombe hivyo. Anaweza kukusikia."

Mwanangu, nimehubiriwa na wachungaji wengi tangu siku ile, wengine wamesoma mpaka ng'ambo. Hakuna neno lililoniingia kama lile. Nilikwenda kanisani kesho yake, na watu walipofika mahali pale pa sala, ulimi wangu ulikauka. Niliwaacha wapite, nikajiunga nao kwenye amina.

Baada ya ibada nilimfuata Nyambu. Nilitaka aniambie kwamba Nyanya amekuwa mkali mno. Nilitaka, niseme kweli, anishukuru. Tuliketi juu ya lile jiwe la ukingoni, na mbele yetu maharagwe yake yalikuwa yamechipua mistari mizuri, kazi ya mtu mwingine.

Nyambu hakufanya mzaha siku hiyo. Alinieleza kwamba miezi ile ya kwanza alikuwa akiomba Mwadime naye apoteze mkono, tena yote miwili ikiwezekana. Alisema kusamehe hakukumjia kama nuru. Kulimjia kama mvua za kwetu, manyunyu ya siku nyingi mpaka unashtukia ardhi imelowa. Nikamwuliza, basi unaona hakukosa?

"Sikwambii hakukosa," akasema. "Alikosa. Kama hakukosa, ningemsamehe nini?"

Kisha akageuka akanitazama, na sauti yake ikashuka. "Wakesho, mimi nataka kuwa Nyambu. Kila asubuhi najitahidi. Lakini nikikutazama wewe usoni naona mkono uliokatwa. Wewe ndiye unayenikumbusha, si Mwadime. Utaniacha lini nipone?"

Nilidhani hasira yangu ilikuwa ngao yake, kumbe ilikuwa kidole kinachochokonoa kidonda. Nilimshika ule mkono mfupi, kwa mara ya kwanza, maana mpaka siku hiyo nilikuwa naukwepa kama wengine. Tulikaa hivyo mpaka mama akatuita kula.

Jumamosi iliyofuata Nyanya Mkawasi alimtuma mtoto wa jirani amwite Mwadime kutoka shambani. Nyanya alikuwa ameketi uani na kibuyu cha maji na kata ya kuchotea, na baba na mama na Nyambu na mimi tumemzunguka. Baba, mzee wa kanisa, hakuwa na raha. Aliuliza kanisa litasemaje. Nyanya akamjibu kwamba kanisa litasema amina.

Nyambu alikuwa wa kwanza. Alishika kata kwa mkono wa kushoto, akapiga funda, akayapuliza maji chini, akasema hasira aliyokuwa nayo juu ya Mwadime ameitoa, iende na maji, isirudi. Alisema hivyo taratibu, kama mtu anayetua gunia. Baba alifuata. Kumbe naye alikuwa nayo, tena nyingi, ndani ya ule ukimya wake wote. Mama alifuata huku akilia. Kisha kata ikaja kwangu.

Nilipiga funda. Maji yakajaa kinywani, na yakakataa kutoka. Mbele yangu amesimama Mwadime, amekonda, mikono imechubuka kwa jembe, naye anangoja. Nilimkumbuka kaka yangu akilishwa kijiko. Nikameza.

Wote waliona. Kwa mila zetu, kuyameza yale maji ni kuirudisha hasira tumboni. Nyanya Mkawasi alichukua kata, akaijaza tena, akanipa, kama mama anayempa mtoto dawa aliyoitema. Hakunikaripia. Nadhani angeijaza mpaka jua litue.

Mara ya pili maji yalitoka, na yalitoka na kilio ambacho sikujua kama nilikuwa nacho. Nilisema, "Mwadime, nimekusamehe. Na maneno niliyokuambia siku ile nayatoa pia."

Yeye alibaki amesimama, machozi yanamtiririka bila sauti. Nyanya akamnyooshea kata. "Na wewe," akamwambia. "Umejikasirikia vya kutosha." Alipiga funda kwa shida, akapuliza. Baba akavua kofia, akaongoza Sala ya Bwana, na safari hii niliisali yote.

Unadhani hapo ndipo harusi ilipofanyika. Nami nilidhani hivyo. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu Jumapili moyoni. Lakini Mwadime, yule mtu wa maneno machache, aliniomba tusogee kando kidogo, mahali ambapo wazee wanatuona, akaniambia atakwenda Taveta kama alivyopanga.

"Sitaki unikubali kwa sababu leo umelia," akasema. "Vuli ikipita nitarudi, nitauliza upya. Ukinikataa, nitajua ni wewe umekataa, si mkono wa Nyambu. Na ukinikubali, nitajua vile vile."

Niliudhika, sikufichi. Lakini baadaye niliona hekima yake. Kusamehe ni jambo moja na kupenda ni jingine, ijapokuwa hupitia mlango mmoja. Hasira ilipotoka ndani yangu iliacha nafasi tupu, na kwa majuma kadhaa sikujua ndani ya nafasi hiyo mna nini. Nilijua tu kwamba nalala vizuri. Mtamba aliendelea kukaa kwetu, maana wazee walikubali kusubiri. Kisha siku moja nikajikuta nimesimama njia ya chini, nikiwauliza akina mama waliotoka Taveta na ndizi kama wanamjua kijana wa Werugha anayefanya kazi kwa tajiri fulani, na kama ana afya. Mmoja wao alinitazama akatabasamu, akasema ana afya, na huimba akipakia vitunguu. Nilipanda mlima siku hiyo bila kuhisi uzito wa mzigo wangu. Nikajua kilichomo ndani ya ile nafasi tupu.

Vuli ilipopita alirudi. Aliketi mbele ya baba kwenye kile kiti alichokikataa zamani, akaniuliza upya mbele ya wote, kwa maneno machache kama kawaida yake. Nilimjibu ndiyo, na kwamba ndiyo hiyo ni ya kwangu. Nyambu akaguna kwamba hatimaye atapumzika kuwa mshenga. Matangazo yalisomwa upya, Jumapili zote, na siku ya ndoa Nyambu ndiye aliyesimama kando ya Mwadime, akatia sahihi kitabuni kwa herufi zake zilizolala.

Tuliishi pamoja, mimi na Mwadime, mpaka nywele zetu zikafanana na ukungu wa Werugha, na sasa ni miaka kadhaa tangu nimzike. Sitakudanganya kwamba jambo lile lilikwisha siku ya kibuyu. Asubuhi za baridi Nyambu alilalamika kwamba vidole asivyokuwa navyo vinamuuma. Mwadime akisikia hivyo alitoka nje, akasimama peke yake kwenye migomba. Nilimfuata. Nilisimama naye tu mpaka arudi ndani. Mkono haukuota tena. Msamaha hauoteshi mkono, mwanangu. Unawawezesha watu kukaa meza moja na mkono ambao haupo.

Basi sikia sasa nasaha zangu, nizitaje wazi, maana uzee hauna muda wa mafumbo. Ukikosewa, usijilazimishe kusema hukukosewa. Liite kosa kwa jina lake, kisha ulisamehe kwa jina hilo hilo. Ukimpenda mtu aliyeumia, mwulize anataka nini, wala usichukue hasira yake ukaifuga kwako, itanenepa na mwenyewe ameshaisahau. Usiolewe wala usioe kwa huruma, wala kwa majuto. Samehe kwanza, kisha ungoje, uone moyoni umebaki na nini. Kama ni mapenzi, yatajitambulisha. Kama si mapenzi, agana na mwenzako kwa amani, hilo nalo ni tunda la msamaha. Na ukiwa wewe ndiye uliyekosa, usijifiche nyuma ya neno ajali. Nenda mwenyewe, kwa miguu yako, useme. Halafu chukua jembe. Na ukishindwa mara ya kwanza kuutoa uchungu, usikate tamaa ukadhani Mungu amekuchoka. Jaribu tena. Yeye hana haraka kama sisi.

Haya, inuka, jua limepinda na una safari. Mungu wa baba zetu akutangulie njiani. Akupe mwenzi utakayeweza kumwambia ukweli, na nyumba ambayo hasira ikiingia jioni haipati pa kulala. Mvua ikukute umekwisha kupanda, na uzee ukukute una watu wa kucheka nao. Nenda na amani, mwanangu, na watoto wako waione.